Bilstein B12 Pro-Kit kwenye Golf ya kila siku: anza na shokapu, springi zifuate

Gari langu ni Volkswagen Golf ya toleo la tano, nami hulitumia kila siku kati ya Tegeta na Posta, jijini Dar es Salaam. Hukutana na matuta, madimbwi ya masika na foleni, na siku nyingine hubeba watoto na mizigo ya sokoni, kwa hiyo tathmini hii haihusu gari la maonyesho.

Kosa la kwanza nililifanya mwenyewe. Nilinunua springi peke yake, zisizo na jina linalojulikana, zilizosemekana kulishusha gari milimita 50, nikazifungisha pamoja na shokapu zilezile za zamani. Gari lilipendeza likiwa limeegeshwa, lakini baada ya miezi michache lilianza kudunda kila lilipovuka tuta, na shokapu zote mbili za mbele zikavuja oili. Springi ngumu hujikunjua kwa nguvu kubwa kuliko ile ambayo shokapu ya kiwandani iliandaliwa kuituliza. Isitoshe, gari likishashuka, fimbo ya shokapu huwa imezama kupita kiasi hata kabla ya kufika kwenye shimo, na mpira wa kuzuia kishindo hugongwa mfululizo.

Mara ya pili nilichagua shokapu kwanza. Bilstein, watengenezaji wa shokapu wa Ujerumani, wana B4 inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani, B6 iliyo ngumu zaidi kwa gari lenye kimo cha kawaida, na B8, ambayo ni kama B6 iliyofupishwa makusudi kwa ajili ya springi fupi. Hizo B8, zikiwekwa sanduku moja na springi za Pro-Kit za kampuni ya Eibach, huuzwa kwa jina la B12 Pro-Kit, na kwa Golf hii hushusha takriban milimita 30. Eibach wana pia Sportline zinazoshusha zaidi, ila kwa matuta yetu sikuzifikiria hata kidogo.

Kabla ya kuagiza, fungua gurudumu la mbele upime kipenyo cha shokapu kwa venia, kile kipimo cha kubana cha milimita. Golf ya toleo la tano ilitoka na shokapu za mbele za vipenyo viwili, milimita 50 na milimita 55, pale mwili wake unaposhikwa na kikono cha gurudumu, na ya aina moja haifungi mahali pa nyingine. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba zote ni sawa. Nilimpoteza muuzaji, fedha zangu zikabaki salama. Springi nazo huchaguliwa kwa kuzingatia uzito wa ekseli ya mbele, kwani injini ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli.

Wakati wa kufunga, badilisha pia viti vya juu vya shokapu na beringi zake, maana kulipia kazi ileile mara mbili kwa ajili ya beringi inayolia ni hasara ya kujitakia. Simama karibu na fundi anapokaza bolti za mikono ya chini: mafundi wengi huzikaza gari likiwa bado linaning'inia kwenye jeki, na gari likishushwa bushi hubaki zimejipinda, kisha huchanika mapema. Zikazwe kabisa wakati uzito wote umekalia matairi. Alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu, niliifanya baada ya wiki mbili, springi zilipokwisha kutulia.

Matokeo yake yamenifurahisha. Kwenye kona gari halilali upande kama zamani, na likivuka tuta hupanda na kushuka mara moja, basi. Katika mwendo wa chini, mashimo madogo na viraka vya lami husikika wazi zaidi kuliko kwa shokapu za kiwandani. Hiyo ni tabia ya shokapu za mrija mmoja zenye gesi ya shinikizo kubwa, na mke wangu aliigundua kabla yangu. Ukizidi mwendo kidogo, ugumu huo hupungua.

Anayeishi ambako lami haijafika, mimi ningemshauri achukue B6 na kubaki na springi za kiwandani. Mimi mwenyewe lipo tuta moja karibu na nyumbani ambalo, tukiwa watu watano ndani, sina budi kulivuka kimshazari, gurudumu moja baada ya jingine, huku bodaboda wakinipigia honi nyuma.