Vibao vya MDF vya kupamba ukuta: usoni havina neno, shida iko kwenye kingo

Nimekaa navyo miezi minane. Nilinunua seti ya fremu za mstatili pamoja na mkanda wa juu, ya kuvisha theluthi ya chini ya ukuta wa sebule, sentimita 90 kutoka sakafuni. Nilitaka ile sura ya nyumba za zamani zilizovishwa mbao, ila mfuko wangu haukufika kwenye mbao zenyewe.

Usoni ni vizuri kweli. Havina fundo wala nyufa, na mgeni akikaa kwenye kochi hajui kwamba anatazama MDF, yaani nyuzinyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi.

Kingo ndizo zilizonitesa. MDF ukiikata, pale kwenye mkato inakunywa rangi kama sifongo. Koti la kwanza la rangi likapotea lote. La pili likakauka na vinyweleo. Ukipitisha kidole, ni kidevu ambacho hakijanyolewa siku mbili. Kaka yangu alicheka: "Dada, praima iko wapi?" Praima ni ile rangi ya msingi inayotangulia, na karatasi ya maelekezo haikuitaja hata mara moja! Ikabidi turudi nyuma: msasa namba 220, praima, msasa tena, ndipo rangi. Na vaeni barakoa jamani, vumbi lake ni baya.

Karatasi hiyohiyo inadhani kila kona ina nyuzi 90. Yangu haina. Vipande viwili tulivyokata kwa nyuzi 45 viliacha mwanya wa kupitisha kadi ya benki. Kaka akakiacha kimoja kigote ukutani kikiwa kimenyooka, cha pili akakichonga kufuata umbo la mwenzake, vikakaa. Sakafu nayo imeinama kidogo, kwa hiyo mstari wa juu tuliupiga kwa pimamaji, tofauti ikafichwa chini.

Soketi pia: kibao kinaongeza unene, skrubu za zamani hazikufika tena. Zima umeme, nunua ndefu zaidi.

Ningenunua tena? Kwa ukuta mkavu, ndiyo. Chini ya dirisha mvua iliingia usiku mmoja tu, kibao kikavimba na hakijarudi. Ipo MDF ya kustahimili unyevu, nyingi huwa na rangi ya kijani ndani. Hapo ningeweka hiyo, au mbao halisi. Kwa sasa nimesogeza chungu cha maua mbele ya pale palipovimba.