Saa ya kuhesabu hatua kwa mama anayetumia kitochi: uzoefu wangu

Wachagga tunataniwa kwamba kila Desemba tunapanda nyumbani kuhesabiwa. Desemba ya 2024 mimi nilipanda na kifaa cha kuhesabia kabisa: saa ya mkononi ya kuhesabu hatua, zawadi ya Krismasi kwa mama, shilingi elfu thelathini na tano. Niliinunua stendi Arusha, dakika kumi kabla gari halijaondoka. Boksi lilichorwa moyo, tone la damu na mtu anayekimbia. Muuzaji akaniapia inapima hatua, mapigo, presha na sukari. Nikasema hii ndiyo yenyewe, maana mama ana presha na kliniki walishamwambia atembee walau nusu saa kila siku.

Mama ana miaka 68, mwalimu mstaafu, anaishi Kibosho. Tulimvalisha baada ya chakula cha mchana. Saa ikaandika presha 118/76. Mama akainuka bila kusema neno, akaleta mashine yake ya kufunga juu ya kiwiko, ile ya kujaa upepo. Akakaa kimya dakika tano, mgongo kwenye kiti, miguu chini, kama alivyofundishwa. 158/94. Akarudia: 155/92. Hapo mdogo wangu, ambaye utundu hajauacha mpaka leo, akaichukua saa akaifunga kwenye ndizi mshare iliyokuwa mezani. Ikazunguka kidogo, ikawaza, ikatoa jibu: mapigo 74, presha 121/79.

"Ndizi haina haja ya dawa," mama akasema, akairudisha saa kwenye boksi lake na kulifunga vizuri, kama mtu anayerudisha mahari.

Tulicheka sana siku ile. Nilipokuwa narudi Arusha ndipo kicheko kikaniisha. Mama ana mashine nyumbani na anajua kuitumia. Je, mzazi asiye nayo? Anaona 118/76 mkononi asubuhi, mchana na jioni, anajiona amepona, vidonge anaweka kando.

Baada ya hapo nilikaa kujifunza, jambo ambalo ningelifanya kabla. Chini ya saa hizi kuna taa ndogo za kijani. Damu inanyonya mwanga wa kijani, kwa hiyo kila moyo unapopiga na damu kuongezeka kwenye mishipa, mwanga unaorudi unapungua kidogo. Kifaa kinahesabu huko kupanda na kushuka, basi. Hayo ndiyo mapigo. Hata saa za maana ukizifunga kwenye ndizi mara nyingine zitaipa mapigo, kwa sababu zinasoma mwanga na hazijui zimefungwa kwenye nini. Kwa hiyo jaribio la ndizi lisikupe haraka ya kuhukumu. Kinachotakiwa kukushtua ni presha na sukari kwenye saa ya bei ya soda. Kuhusu sukari hakuna hata mjadala: Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi. Boksi likiwa na picha ya tone la damu, lirudishe.

Januari nikaanza upya, safari hii nikiwa na daftari. Swali la kwanza nililotakiwa kujiuliza wala halihusu saa: mama anatumia simu gani? Mama anatumia kitochi. Ana simu kubwa tuliyomnunulia, iko kabatini ndani ya kitambaa, inatolewa wajukuu wakipiga simu ya picha. Jibu hilo peke yake likafuta nusu ya orodha yangu. Apple Watch inataka iPhone, tena inataka kuchajiwa karibu kila siku. Samsung Galaxy Fit3 niliitamani kweli, kwa sababu inatambua mtu akianguka na inaweza kuomba msaada, lakini ombi hilo linapitia kwenye simu iliyounganishwa nayo. Simu ikiwa kabatini na mama yuko shambani kwenye migomba, utakuwa umelipia ahadi.

Nikaangukia Xiaomi Smart Band 9, kwenye duka moja karibu na Mnara wa Saa hapa Arusha. Ilinigharimu laki moja na ishirini. Kioo chake ni cha inchi 1.62, chembamba lakini kinang'aa, na mama anasoma saa juani bila kutafuta miwani. Hilo kwake ndilo la kwanza: ni saa. Hatua ni nyongeza. Kampuni inasema betri inafika siku 21. Mimi nimewasha kipimo cha mapigo cha mfululizo, kwa hiyo inakaa kama wiki mbili, na wiki mbili ndizo ninazopishanisha kwenda nyumbani. Niliiunganisha na simu yangu mwenyewe. Nikifika Jumapili, baada ya shikamoo na chai, naisogeza simu karibu, takwimu zinamiminika, naichaji saa huku tunaongea, narudi zangu. Mama hagusi chochote. Maji hayaidhuru, anafulia nayo na kuogea nayo.

Kilichonitesa ni mkanda. Unaokuja na saa una kijitufe cha kusukumiza kwenye tundu, na vidole vya mama asubuhi havikunji vizuri. Nilimkuta anavuta ncha kwa meno, kichwa amekiinamisha, saa imegeuka chini. Nikatafuta mkanda wa kitambaa wa kunata, kama ule wa viatu vya watoto wa chekechea, elfu nane. Ukinunua saa ya mzazi, nunua na huo siku hiyohiyo. Na umwonyeshe aivae juu kidogo ya kifundo cha mkono, imkae bila kumbana. Mkono mwembamba saa ikining'inia kama bangili, mapigo yatakayoandikwa ni ya kubahatisha.

Kosa langu la pili lilikuwa kuacha lengo la hatua juu mno. Niliweka 10,000 kwa kuwa ndiyo namba kila mtu anaitaja. Namba yenyewe haikutoka kwa daktari. Ilianza na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965 kwa jina la manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Jina la biashara likageuka sheria ya dunia nzima. Shirika la Afya Duniani lenyewe linazungumzia dakika, 150 kwa wiki za mwendo wa kukutoa jasho kiasi. Sasa mpe mwalimu mstaafu lengo la 10,000 uone. Shangazi alinipigia simu usiku: "Mama yako anazunguka uani na tochi, kuna nini huko kwenu?" Alikuwa amebakiza hatua mia sita. Kwake zile zilikuwa alama, na hajawahi kufeli. Nikashusha hadi 5,000.

Na uzime kengele ya kukumbusha mtu aliyekaa muda mrefu. Ya mama ilimtetemekea mkononi katikati ya mahubiri, ikimtaka ainuke. Aliniambia padri alikuwa anazungumzia uvivu.

Lakini jambo lililonifunza zaidi ni majani ya ng'ombe. Jumapili moja ya Februari nilishuka naye shamba la chini, tukakata majani, akajitwika mzigo kichwani, nami nikabeba wangu begani, tukapanda taratibu. Tulipofika nikalinganisha. Simu mfukoni mwangu iliongeza hatua 1,900. Saa yake iliongeza 600 na kidogo. Njia moja, na yeye ndiye mwenye hatua fupi! Nilidhani saa imekufa, mpaka nilipomwangalia tena akijitwika: mikono yote miwili juu, imeshika mzigo, haichezi. Saa ya mkononi inahesabu hatua kwa kuhisi mkono unavyopepea. Mkono ukitulia, hatua nyingi zinapita bila kuandikwa. Kesho yake, amekaa kwenye kigoda anafua mashuka, akapewa hatua mia nne za bure. Kwa mama wa kijijini kwetu, anayebeba, hesabu ya hatua inadanganya pale pale anapofanya kazi kubwa. Mapigo ndiyo yanayosema ukweli: kwenye kile kilima yalifika 124. Tangu hapo sijali sana hatua, naangalia mapigo.

Suala la usingizi lilitaka kutukosanisha. Nilimwambia, kwa nia njema kabisa, mbona Alhamisi umelala kwa muda wa saa nne na nusu tu. Akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo unanichungulia nikiwa nimelala?" Sikuwa na jibu. Tulikubaliana kipimo cha usingizi nikizime, nikakizima mbele yake, akahakikisha. Ningeshauri mambo haya yazungumzwe kabla ya kufungua boksi, si baada.

Sasa ngoja niseme na hili. Mwaka juzi goti la mama lilivimba, tukakaa kikao sisi watoto wake tukamwambia biashara ya ndizi basi, hakuna tena kushuka sokoni Mbuyuni alfajiri, tutamtumia hela kila mwezi. Aliitikia vizuri, hata akatushukuru. Mwezi Machi, nikipitia takwimu, nikaona Jumatano zote zinafanana. Saa kumi na moja alfajiri, hatua chache mno, lakini mapigo yako 118, 120, 122, kwa dakika kama ishirini. Halafu yanatulia muda wa haisi kushuka mjini. Hatua chache, mapigo juu. Huo mchoro nilishauona: mikono iko kichwani, na chini ya mikono kuna mkungu.

Nilimuuliza kiutani tu, mama, Jumatano huwa unakwenda wapi mapema hivyo? Akaniangalia, akaiangalia saa, akanimiminia chai.

Ni miezi mitano sasa. Hatua zake za siku nyingine ziko vizuri, presha kwa mashine ya kujaa upepo imeshuka hadi 140 na kitu, na kliniki wameridhika. Ila kwa mujibu wa simu yangu, kila Jumatano kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa sita mchana, mama yangu hana mapigo ya moyo. Saa huwa iko kwenye meza ya chumbani, juu ya Biblia. Saa saba yanarudi, 70, 72, ametulia kabisa, na jioni ananipigia kuniuliza nakuja lini, kuna ndizi ameniwekea.