Kumtetea Ghazali: kwa cheo chake au kwa maneno yake?

Kijiweni Kariakoo, mtu akisema Imamu Ghazali, yule mwanazuoni wa kale, ndiye aliyeua sayansi kwa Waislamu, utasikia utetezi wa aina mbili.

Wa kwanza: "Wewe nani hata umguse Hujjatul-Islam?" Hicho ndicho cheo chake, maana yake "Hoja ya Uislamu". Baraza linanyamaza, basi. Mkosoaji anaondoka na hoja yake nzima mfukoni.

Wa pili unataka kazi. Ghazali, aliyefariki 1111, aliwapinga wanafalsafa katika mambo 20, na ni matatu tu aliyoyaita ukafiri: kwamba ulimwengu hauna mwanzo, kwamba Mungu hajui kila jambo mojamoja, na kwamba miili haitafufuliwa. Hesabu hakuikataa. Hata maelezo ya wanafalaki kuhusu kupatwa kwa jua aliyakubali, akaonya kwamba anayeyapinga kwa jina la dini anaidhuru dini yenyewe.

Ila ukishafungua kitabu chake, huna budi kumsikiliza na mwanafalsafa Ibn Rushd, aliyemjibu hoja kwa hoja na, nakiri, pengine anambana kweli. Ile hukumu ya ukafiri naiona kali mno. Hata hivyo nachukua njia ya pili. Ya kwanza labda kashata zikiisha na watu wanataka kwenda zao.