Kipima kemba cha kiputo kwa Volkswagen Beetle: chukua chenye kishikio cha rimu

Vipima vidogo vya kiputo vya kupimia kemba (mwinamo wa gurudumu ndani au nje ukilitazama kutoka mbele) na kasta (mwinamo wa mhimili wa kukatia kona ukiutazama kutoka ubavuni) huja kwa namna mbili: chenye sumaku peke yake, na chenye kishikio cha miguu mitatu kinachobana ukingo wa rimu. Kwa Beetle, cha sumaku ni hasara. Sumaku inataka chuma bapa, na katikati ya gurudumu la mbele la Beetle kuna kifuniko cha grisi cha bati, tena cha upande mmoja kimetobolewa kupitisha kebo ya spidomita. Ukikibandika hapo unapima kifuniko, si gurudumu.

Chenye kishikio kinafanya kazi vizuri, mradi miguu yake ifike kwenye rimu ya inchi 15. Angalia mistari yake kabla ya kulipa. Beetle za boljointi (viungo vya mpira wa chuma vinavyoshika gurudumu la mbele), kuanzia modeli ya 1966, zinatakiwa kuwa na kemba chanya, yaani juu ya gurudumu pakiegemea nje, ya dakika 30 (nusu digrii), ikizidi au kupungua kwa dakika 20. Mistari ya robo digrii, yaani dakika 15, inatosha kwa tabu. Ya digrii nzima nzima haikufai kitu.

Hata hivyo kinachoharibu vipimo mara nyingi ni sakafu, si kifaa. Kampala ni mji wa vilima, na gereji nyingi ni za maramu au saruji iliyomwagwa kufuata mteremko. Magurudumu ya mbele ya Beetle yameachana kwa takriban mita 1.3, hivyo upande mmoja ukishuka kwa sentimita 1 tu, usomaji unapotoka kwa dakika 26 hivi. Gari lisilo na kasoro litaonekana bovu bure. Ule mpira wa maji wa mafundi ujenzi unamaliza shaka: sawazisha mahali pa matairi kwa vipande vya bati au vigae ndipo upande gari. Rimu zilizogongwa na mashimo nazo hudanganya. Soma mara moja, zungusha gurudumu nusu mzunguko, soma tena, kisha chukua wastani.

Upepo pia. Matairi ya radiali ya Beetle huwekwa takriban psi 18 mbele na 27 nyuma, si ile 32 inayojazwa kila gari linalopita. Beringi za mbele zikicheza, au boljointi zikiwa zimekufa, weka kipima chini ukatafute spea kwanza, kwenye maduka ya Kisekka au Ndeeba hapa Kampala.

Kurekebisha kemba ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Legeza nati ya boljointi ya juu, geuza kwa spana bushi iliyo hapo, yenye tundu lisilo katikati. Alama yake ya mkato huanza ikitazama mbele, na isivuke robo mzunguko upande wowote. Nati ya kujifunga isirudiwe. Ukishusha jeki, sukuma gari mbele na nyuma kidogo na ukandamize bampa mara kadhaa kabla ya kusoma. Usipofanya hivyo matairi yanabaki yamejibana na kiputo kinasema uongo.

Kwa kasta unahitaji kukata gurudumu digrii 20 ndani na digrii 20 nje, mtu mwingine akikanyaga breki. Sahani za kuzungukia haziji na kifaa. Mabamba mawili ya chuma yenye grisi katikati, ambayo wachomeleaji wa Katwe watakukatia, yanatosha. Tarajia takriban digrii 3 na dakika 20. Gari lililoshushwa mbele hupoteza kasta na usukani huanza kutangatanga; dawa ni vipande vya kasta nyuma ya bomba la chini la ekseli, si kugeuza ile bushi.

Upungufu mkubwa wa kifaa hiki ni kwamba hakipimi namna magurudumu yanavyobana kwa mbele, na hicho ndicho kinachokula matairi haraka zaidi. Hapo utatumia uzi au futi. Fanya baada ya kemba, kamwe si kabla, kwa sababu kemba ikibadilika hiki nacho kinahama. Dakika 30 jumla ni kama milimita 3.5 kwenye ukingo wa rimu ya inchi 15, mbele pakiwa pembamba kuliko nyuma. Weka usukani katikati, kisha zungusha tai rodi (fimbo zinazounganisha usukani na magurudumu).

Mashine ya kompyuta hufanya haya yote kwa haraka, ila nenda na vipimo vimeandikwa kwenye karatasi na umwonyeshe fundi bushi ya kemba ilipo. La sivyo atagusa tai rodi tu na kukukabidhi ufunguo.

Wenye Beetle modeli za 1302 na 1303, ambazo mbele zina strati (springi na shokomzoba pamoja), watatumia kipima hikihiki, lakini kemba yao inarekebishwa kwenye bolti ya ndani ya mkono wa chini. Kwenye Beetle za zamani za kingipini (pini badala ya boljointi) hakuna bushi ya kugeuza; kemba ikiwa mbaya, tafuta kilichochakaa au kupinda.