Dawa za kuotesha nywele kama una MS: nilichobakisha mezani na nilichoweka pembeni

Haya jamani mambo vipi, leo mezani kuna minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, ya povu asilimia 5, kuna ya maji, kuna na kopo la bayotini, vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele, na swali mnaloniuliza kila siku ni hili, mtu mwenye MS kama mimi, yaani multiple sclerosis, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia ubongo na uti wa mgongo, anaweza kutumia hivi vitu au ndo anajitafutia balaa?

Kabla sijafungua kitu, hebu angalia kwanza dawa zako za MS, maana unaweza kuhangaika na povu kumbe nywele zinaondoka kwa sababu ya kidonge unachomeza kila siku. Teriflunomaidi, inayouzwa kwa jina la Aubagio, inajulikana kabisa kwa hilo, kwenye majaribio waliomeza miligramu 14 kama 13 kati ya 100 nywele zilipungua, waliopewa kidonge kisicho na dawa ni 5 tu. Mara nyingi inaanza miezi ya mwanzo halafu zinarudi zenyewe na dawa bado unameza, kwa hiyo usije ukaacha dawa ya MS kisa nywele bila kuongea na daktari wako, nakuomba sana. Na kama uliwahi kuchomwa alemtuzumabu, dawa nyingine ya MS, pima thairoidi, ile tezi ya shingoni, inaweza kuvurugika hata miaka baadaye na ikivurugika nywele nazo zinaaga.

Haya, povu. Ona linavyotoka, zito hivi, jeupe, ila likigusa vidole vyenye joto linayeyuka hapo hapo, kwa hiyo nawa maji ya baridi kwanza, ukaushe, ndo ushike. Sasa hii ya maji, unatakiwa uvute mililita 1 kwa hiki kidude, mkono ukitetemeka kidogo tu imeshachuruzika mpaka kwenye paji la uso, na pale inapochuruzika nywele zinaweza kuota vilevile, haha. Halafu nyingi za maji zina propilini glaikoli inayowasha ngozi, na kama una ganzi kichwani wala hutahisi, utakuja kushtuka ngozi imeshachubuka, mwambie mtu akuangalie. Wiki za mwanzo nywele zitadondoka zaidi, hiyo kawaida, vumilia kama miezi minne ndo useme haifanyi kazi.

Vidonge vya minoksidili ndo vinanipa wasiwasi. Hii kitu ilianza kama dawa ya presha, Marekani waliiruhusu mwaka 1979, nywele kuota ilikuwa ni madhara tu wakaona mbona dili. Ya kupaka inaingia kwenye damu kidogo sana, ila ya kumeza, hata dozi ndogo, inaweza kushusha presha, na wengi wetu tunameza tizanidini ya misuli kukakamaa ambayo nayo inashusha presha, zikikutana unainuka kitandani unaona giza. Kizunguzungu, moyo kwenda mbio, miguu kuvimba, halafu wewe unasema ah ni MS hii imeamka, unakaa nyumbani. Hapo ndo penye hatari kwa mtu kama sisi, kila kitu tunaisingizia MS. Mimi vidonge sigusi mpaka daktari wa neva na wa ngozi waone orodha nzima ya ninachomeza.

Finasteridi, kidonge kingine cha nywele kwa wanaume, fupi tu, inaweza kuharibu hamu ya tendo na kukushusha mudi, na MS yenyewe huko huko ndo inapenda kupiga, pima mwenyewe. Kina dada mnaoandikiwa spironolaktoni kwa ajili ya nywele, inashusha presha na inakukojoza, na kibofu chenyewe ndo hicho tunachokijua.

Bayotini sasa, hii naitoa mezani. Kuna kipindi watu wa MS tuliitegemea, ikajaribiwa kwa miligramu 300 kwa siku, matokeo yakatoka 2020 haikusaidia. Kopo hili ni miligramu 10, na kama huna upungufu nywele hazitaona tofauti, ila vipimo vya damu inaweza kuvidanganya, cha thairoidi na hata cha mshtuko wa moyo, kwa hiyo kama unameza mwambie anayekupima.

Povu nalipa 4 kati ya 5, ya maji 3, bayotini 0. Na mwenye paka nyumbani, minoksidili kwake ni sumu hata tone dogo tu, kwa hiyo nawa mikono na asilalie mto wako.