Gari la Familia Dar es Salaam: Chagua Injini Kwanza, Bodi Baadaye

Kabla hujaingia yadi, andika mambo matatu: kilomita unazoendesha kwa wiki, ngapi kati ya hizo ni za foleni, na watu wanaopanda gari siku ya kawaida. Siku ya kawaida, si ile ya Desemba mnapokwenda Moshi na mizigo ya Krismasi. Anayetoka Goba kila asubuhi, akashusha watoto shule Mwenge na kumalizia Posta, hahitaji injini sawa na anayeishi Kigamboni na kwenda shambani Morogoro kila Ijumaa, hata kama wote wana bajeti moja.

Foleni ndiyo inayoamua. Gari likisimama Ubungo au Tazara huku AC inafanya kazi, mafuta yanakwenda na kilomita hazisogei, na injini kubwa inakunywa zaidi hata ikiwa imesimama. Chukua kilomita 1,000 kwa mwezi na petroli ya shilingi 3,000 kwa lita kwa urahisi wa hesabu. Bei elekezi ya kweli EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Injini ya 1.5, yaani ya ukubwa wa lita 1.5, kwenye foleni zetu hutoa kilomita kama 10 kwa lita, yaani shilingi 300,000. SUV ya 2.4 hutoa 6 hadi 7, karibu 460,000. Haibridi ndogo, yaani gari la petroli na umeme, yenye betri nzima hutoa 18 hivi, chini ya 170,000. Kati ya 1.5 na 2.4 kuna zaidi ya shilingi milioni 1.9 kwa mwaka, kabla hujagusa spea.

Ya kwanza: petroli ya 1.5 bila turbo

Kwa familia ya watu wanne au watano inayoishi na kufanya kazi mjini, hii tunaiweka juu bila kusita. Mfano wake bora ni 1NZ-FE ya Toyota: cc 1,496, silinda nne, cheni ya taimingi badala ya mkanda, na nozeli zinazopuliza mafuta kwenye manifoldi, yaani bomba la kuingizia hewa kwenye injini. Imefungwa kwenye IST, Premio, Allion, Raum, Spacio, Sienta na Probox, kwa hiyo koili, pampu ya maji au sensa utaipata Gerezani au Ilala siku hiyo hiyo, mpya au ya mtumba, na fundi yeyote wa mtaani ameshaifungua mara nyingi. Hilo lina thamani kubwa kuliko rimu za inchi 17.

Kati ya hayo, Premio au Allion ya kuanzia 2007 ndiyo inayotosha watu wengi: buti kubwa, siti ya nyuma pana, shoksapu laini. Sienta ina siti saba na milango ya pembeni ya kusukuma, nzuri sana kwa wenye watoto wadogo, ila siti za mwisho ni za watoto kweli. Mtu mzima hataketi humo mpaka Chalinze. IST inawafaa wazazi wenye mtoto mmoja au wawili. Ubaya wa 1.5 unajitokeza mlima Kitonga: watu watano, mizigo na AC, utapanda nyuma ya lori ukisubiri nafasi ya kupita. Kama njia hiyo ni ya mara mbili kwa mwaka, vumilia.

Ya pili: haibridi

Aqua na Prius zinang'ara pale pale ambapo magari mengine yanateseka, kwa sababu kwenye mwendo wa kusogea na kusimama injini huzima na mota ya umeme inasukuma gari, na kila breki inarudisha umeme kidogo kwenye betri. Anayekaa barabarani saa tatu kwa siku ataiona faida kila anapoingia kituo cha mafuta. Mbona basi haiko juu? Kwa sababu nyingi zilizo ndani ya bajeti ya kawaida zimeshazidi miaka kumi, na joto la Dar linazeesha betri. Betri hiyo inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo kando au chini ya siti ya nyuma. Vumbi, nywele na nyuzi za kapeti vikiziba feni, au ukiweka begi mbele ya tundu, seli zinachemka na kufa moja moja.

Usinunue haibridi bila kuipima kwa mashine inayosoma volti za kila kundi la seli. Fundi aisome gari likivuta, si limesimama. Makundi yakipishana kwa zaidi ya volti 0.3 hivi, betri inaelekea ukingoni, kwa hiyo bei ya betri iondolewe kwenye bei ya gari. Kwenye Prius ya kizazi cha tatu angalia pia kama maji ya rejeta yanapungua na kama injini inatikisika asubuhi inapowaka. Hizo ni dalili za gasketi ya silinda hedi iliyoharibika. Na Aqua iko chini. Kama barabara yenu ya Madale au Kinyerezi bado ina makorongo, chini kutagonga kila siku.

Ya tatu: 1.8 na 2.0 za watu saba

Nyumba yenye watu sita au saba wanaosafiri pamoja kila wiki ikae hapa. Wish ya kuanzia 2009 yenye 2ZR-FAE ya 1.8 inatosha na haili mafuta kupita kiasi. Noah ya kuanzia 2007 yenye 3ZR ina nafasi isiyolinganishwa. Noah ya kizazi cha kabla yake huuzwa kwa bei inayovutia, na sababu yake mafundi wote wanaijua: D4, yaani 1AZ-FSE, inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, hivyo haziosheki, masizi yanajenga ukuta, sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka, gari linazima kwenye taa. Pampu yake ya mafuta ya presha kubwa nayo ni ghali. Wish za awali zenye 1ZZ-FE zina lao: baadhi ya injini hizi zina pistoni zenye matundu madogo ya kurudishia oili, yanaziba, ringi zinaganda, na injini inaanza kula oili.

Ya nne: SUV za 2.4

Harrier, Vanguard, Kluger na RAV4 zenye 2AZ-FE ni magari ya starehe na yanapita vizuri Jangwani maji yakiwa yamebaki barabarani. Lakini injini hii ina magonjwa mawili yanayojulikana: za awali nyuzi za bolti za silinda hedi zinang'oka kwenye bloku na gari linachemsha, za baadaye zinakula oili. Nunua hapa kama kweli unahitaji gari lililo juu, na uwe unapima oili kila wiki.

Ya mwisho mjini: dizeli ya kisasa

CX-5 na Demio za dizeli zinavuta vizuri na mafuta zinatumia kidogo, jambo linalowadanganya wengi. Zina chujio la masizi kwenye eksozi, na ili lijisafishe gari linahitaji mwendo wa barabara kuu kwa dakika 15 hadi 20 mfululizo. Kutoka Sinza mpaka Kariakoo huupati. Usafishaji ukikatika njiani, dizeli ya ziada inateremka kwenye oili. Utaona kipimo kwenye stiki ya oili kinapanda badala ya kushuka. Oili ikiwa nyepesi hivyo, turbo na beringi zinafuata. Kwa wa Dar–Dodoma kila wiki, hadithi ni nyingine, na dizeli inastahili kupanda mpaka nafasi ya pili.

Gesi asilia inafaa kwa petroli zenye nozeli za manifoldi, si D4. Mtungi wa lita 60 hubeba kilo 10 hivi za gesi, sawa na petroli lita 13 au 14, na unakula nusu ya buti ya Premio. Nguvu inapungua kidogo. Anayeendesha kilomita 2,000 kwa mwezi na ana kituo njiani anarudisha gharama yake. Mwenye kilomita 500 atapoteza muda kwenye foleni ya kujaza. Fungia kwenye karakana inayotambulika, kama ile ya DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam.

Kodi na herufi ya namba

Ukiagiza Japani, ushuru wa forodha ni 25% na VAT 18%. Ushuru wa bidhaa ni 5% kwa cc zaidi ya 1,000 mpaka 2,000, na 10% zaidi ya hapo. Uchakavu unaongeza 15% kwa gari la miaka 8 hadi 10, na 30% likizidi 10. Tumia kikotoo cha TRA kabla ya kulipa, maana bajeti ya Julai inaweza kubadilisha viwango. Kwenye karatasi ya mnada wa Japani, daraja la R au RA maana yake gari liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Na kumbuka, herufi ya namba inaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania, si lini liliundwa. Namba ya herufi E inaweza kukaa kwenye gari la 2005. Mwaka usome kwenye kadi, kisha linganisha namba ya chasi na iliyogongwa kwenye bodi.

Siku ya kukagua

Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiliwashe. Gusa injini, ikiwa ya moto, rudi kesho. Funguo ikiwa ON bila kuwasha, taa ya injini lazima iwake kisha izime baada ya gari kuwaka. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameikata. Fungua kifuniko cha oili: utando kama maziwa ni maji yanayochanganyika. Liache liungurume dakika 20 na AC, kisha kanyaga mafuta. Moshi wa bluu ni oili. Hamisha gia kutoka D kwenda R. Likikawia zaidi ya sekunde mbili au kupiga kishindo, giaboksi imechoka. Vuta mkanda wa siti mpaka mwisho: tope likiwa limeganda kwenye kitambaa, gari liliwahi kuzama.

Weka akiba ya asilimia 10 ya bei kwa ajili ya mwezi wa kwanza. 1NZ inachukua oili lita 3.7 pamoja na filta, 5W-30, na kwa foleni hizi ibadilishwe kila kilomita 5,000. Giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) iwekewe oili ya CVT tu. Haidroliki ya kawaida, yaani oili ya giaboksi nyingine za otomatiki, inaiua. Rejeta ijazwe kipozeo cha dukani, kamwe si maji ya kisima, kwa kuwa visima vingi vya Dar vina chumvi inayotoboa rejeta kutoka ndani. Fundi akikwambia atoe thamostati, valvu inayodhibiti joto la maji ya injini, ili gari lisichemshe, mkatalie: injini itabaki baridi, itakula mafuta zaidi, na kilichokuwa kinachemsha bado kitakuwepo.