Sakafu za viwanja vya watoto bustanini: chembe za mbao, vigae au mpira wa kumwaga?

Bustani inaweza kuwa na bembea za kila aina, lakini gurudumu dogo la mbele la kiti cha magurudumu likizama, mtoto atabaki pembeni akitazama wenzake. Kwa hiyo hapa tunapima sakafu tu. Mchanga na kokoto tumeziweka kando kwa sababu magurudumu hayapiti.

Chembe za mbao ndizo rahisi kwa bei. Muuzaji atakuonyesha cheti cha ASTM F1951, kipimo cha shirika la viwango la Marekani kinacholinganisha nguvu ya kusukuma kiti juu ya sakafu na ile ya kupanda mteremko wa 1:14. Cheti si cha uongo, ila kilitolewa maabara, chembe zikiwa mpya na zimeshindiliwa vizuri. Bustanini, miguu ya watoto huzifukua chini ya bembea na mwisho wa ubao wa kutelezea. Shimo likishaingia, anayetaka kuhamia kwenye bembea hufunga breki, kiti chake kinainama mbele, na bembea inakuwa juu asikoweza kufika. Kusawazisha kwa reki hakutoshi. Ni lazima ziloweshwe na kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Kama hakuna mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, usizinunue hata kwa nusu bei.

Vigae vya mpira vina sifa moja kubwa: kimoja kikiharibika, unang'oa hicho tu. Udhaifu uko kwenye maungio. Gundi ikipakwa juu ya zege lenye vumbi au unyevu, kona hujikunja na nafasi hufunguka. Viwango vya ADA, sheria ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu, vinataka uwazi usizidi mm 13, na ukingo wa wima usizidi mm 6 bila kuchongwa. Kona iliyoinuka milimita chache zaidi ya hapo inatosha kusimamisha gurudumu au kunasa ncha ya fimbo nyeupe.

Chaguo letu ni mpira wa kumwaga, pamoja na bei yake kali. Chini huwekwa tabaka nene la mpira wa matairi yaliyosagwa na kuchanganywa na gundi ya poliyuretheni. Juu hupakwa chembe za rangi za EPDM, aina ya mpira wa kiwandani. Hakuna maungio katikati, na kiti hupita bila kusukumwa kwa nguvu. Unene wa tabaka la chini hutegemea urefu wa kuanguka kutoka kwenye chombo kirefu kuliko vyote, kwa hiyo usikubali unene mmoja kwa uwanja mzima kabla hujajua hesabu hiyo imefanywaje.

Nao una magonjwa yake. Mvua ikinyesha kabla gundi haijakauka, inatoa povu na sakafu inabaki dhaifu. Gundi ikipunjwa, chembe za juu hubanduka moja moja mpaka tabaka la chini lionekane. Mchanga wa sanduku la kuchezea lililo jirani huziba vitundu vya kupitisha maji, basi tenganisha viwili hivyo kwa njia ngumu inayofagika. Rangi nyeusi chini ya jua kali huunguza. Mtoto anayetambaa huumia kabla ya mwingine yeyote. Kiraka kikatwe kwa kingo zilizonyooka na kupakwa gundi kabla ya kujazwa, maana kiungo chake ndicho hufunguka kwanza.

Mpira pia hukakamaa kwa umri ilhali kwa macho bado ni mzuri. Mkataba utaje jaribio la kudondosha kichwa bandia chenye kifaa cha kupimia palepale uwanjani, likirudiwa baadaye: HIC, yaani kipimo cha hatari ya kuumia kichwa, isivuke 1000.

Kabla hujasaini, angalia mchoro wa mahali sakafu inapokutana na njia. Mara nyingi hapo ndipo fundi huacha ukingo wa zege umesimama kama kizingiti. Dai ulale sawa na sakafu pande zote mbili, na mteremko wa kutoka upande mmoja wa njia hadi mwingine usizidi 1:48.